Namba Tisa kwenye Ngozi Yako

Jumapili, 3 Februari

Mume wangu,

Acha niliandike tena, maana bado halijanichosha: mume wangu, mume wangu, mume wangu. Jana limenitoka dukani, katikati ya marashi, bila sababu. Mteja kaniuliza, "Hii chupa ndogo bei gani?" nami nikamjibu, "Hata mume wangu anayo." Bi Chupa akaguna kule nyuma ya kaunta: "Huyu ndoa imempanda kichwani. Mmwagieni maji kabla hajawaka."

Wacha niwake. Hata karatasi za zawadi za harusi sijamaliza kuzikunja, na tayari wamekupeleka kwenye daraja lenu huko ambako simu haishiki na habari za mtu zinasafiri juu ya mifuko ya saruji. Nimemwonya dereva wa lori: akipoteza barua yangu hata moja, nitammwagia kwenye kiti marashi yale mazito ya bibi mpaka utingo wake amwamkie shikamoo. Ameapa kwamba hatapoteza.

Mama yako alikuja kunitembelea. Alifunua sufuria zote, akanipima kwa macho, akasema, "Mwanangu kaniagiza nikuangalie usikonde." Nilicheka, Cheche. Yaani wewe unayesahau kula ukishika mashine ya kuchomelea, ndiye unayenihofia mimi!

Sasa nisikilize. Unakumbuka siku tulipoichagua Namba Tisa? Ulinusa machupa makubwa yote ya Bi Chupa, ukapiga chafya kwenye kila moja, hadi ulipofika kwenye lile la tisa ukanyamaza. Ukauliza kama ni ya kike au ya kiume. Bi Chupa akakujibu kwa ile sauti yake ya kuhubiri: "Namba Tisa haiulizi mambo hayo. Yenyewe inangoja ngozi. Ikikuta mtu mkali inatoa ukali, ikikuta mpole inatoa upole. Haijawahi kunidanganya juu ya mtu." Kwangu ilianza na limau, halafu jioni ikawa maua yenye ubishi, ulisema ninanukia kama mtu asiyekubali kushindwa. Kwako ilitoa mbao iliyopasuliwa sasa hivi, pilipili manga, na moshi kidogo kwa mbali. Nikajisemea moyoni, ni yeye. Mkavu ukimwangalia, wa moto ukimkaribia.

Basi naomba kitu. Jipulizie asubuhi, fanya kazi kutwa na fulana moja, kisha uifunge kwenye mfuko na umpe dereva. Usiifue! Nami nakutumia kitambaa changu cha kichwa.

Wako kuanzia unyayo,
Pua (sasa hata mama yako ananiita hivyo, umefurahi?)


Jumanne, 12 Februari

Pua wangu,

Kitambaa kimefika. Nimekinusa mara moja tu, wenzangu wakaanza: "Jamani, fundi anavuta gundi!" Nimekificha chini ya godoro. Nakinusa wakienda kuoga.

Mimi si mtu wa maneno mengi, unajua. Kazi ni nzuri. Nachomelea juu kabisa, mahali pande mbili za chuma zinapokutana, na chini mto unapita kama hauna habari na sisi. Karani wa stoo ni mwanamke mmoja mkali. Vijiti vya kuchomelea anavitoa kimoja kimoja kama anang'olewa meno. Mpishi anatia chumvi kama analipwa kwa kijiko.

Joto la huku linanikausha. Nakunywa maji mpaka wamenibatiza jina jipya, Tangi. Nimewaambia jina langu ni Cheche na nimepewa na mke wangu, lakini wamegoma.

Fulana hiyo. Usiwaonyeshe watu.

Ukilala, lala upande wangu ili kitanda kinyamaze.

Cheche


Jumapili, 24 Februari

Mume wangu mpenzi,

Fulana yako ya kwanza nilipoifungua nilikaa sakafuni. Ulikuwa mzima mzima ndani ya mfuko! Mbao, pilipili manga, moshi, na jasho lako lile la haki. Nimeivaa chini ya nguo dukani, Bi Chupa akaninusa na kusema, "Leo umekuja na mumeo kazini, na simlipi mshahara."

Lakini hii ya pili, Cheche. Ilifika jana. Nimeinusa asubuhi, nimeinusa mchana, nimetoka nje nikavuta hewa safi, nikarudi nikainusa tena kama Bi Chupa alivyonifundisha. Namba Tisa ipo. Wewe ndiye nisiyekuona. Kuna utamu, kama tunda lililoiva likapitiliza, na chini yake kuna kitu ninachokijua vizuri mno kwa sababu tunakiuza rafu ya chini: dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Mimi sina wivu. Nauliza tu kama mtu anavyouliza hali ya hewa: huko darajani ni nani anafuta kucha?

Nacheka ninavyoandika. Nijibu haraka ili niendelee kucheka.

Pua wako


Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu,

Hakuna mtu wa kucha huku. Wanawake ni wawili, mpishi na yule karani. Labda mfuko ule ulikaa karibu na dawa ya kuchanganyia rangi za vyuma. Sijui.

Karani nilimsema vibaya, ana roho nzuri. Amenibadilishia ovaroli na mchana ananiwekea soda ya baridi, maana koo hili halishibi.

Usinichoke kwa mwandiko huu mkubwa. Taa yetu ni mbovu. Nimechoka kidogo, ndiyo maana barua ni fupi. Usiniulize sana, Pua. Tukifunga kipande cha mwisho wananipa likizo na nakuja. Nataka nije nikiwa nimekimaliza kwa mkono wangu.

Fulana ni hiyo.

Cheche


Jumapili, 10 Machi

Kwako Fundi,

Fulana ya tatu nimeinusa mara moja, imetosha.

Sasa ni utamu mtupu. Dawa ya kucha imepanda juu, haijifichi hata kidogo, na mbao yangu imekwisha. Unanieleza habari za rangi za vyuma, mimi ninayeshinda kutwa na pua ndani ya chupa? Nakijua kila kinachonuka chini ya jua hili! Namba Tisa inamtoa mtu alivyo, na hii iliyonijia ni ya mtu mwingine, mtamu, laini, mwenye kucha. Ametia mwili wake ndani ya fulana ya mume wangu.

Mwanzo karani alikuwa mkali. Halafu akawa na roho nzuri. Akaja na soda ya baridi. Akakubadilishia ovaroli! Ulikuwa unavaa nini wakati anakubadilishia, Fundi? Mwambie huyo karani kwamba soda zake nazinusa hadi huku. Mwambie vijiti anavyovibania ni vya kampuni, ila anachokitoa bure ni changu mimi.

"Usiniulize sana." Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mwanamke ambaye hata picha za harusi hajazipokea? Nilikuwa natembea barabarani natabasamu na nguzo za umeme. Majirani wakinisalimia nilikuwa nawajibu kwa habari zako. Sasa wakiniuliza nasema nina haraka.

Usinitumie fulana tena. Usiniandikie. Na likizo yako ile, ipeleke unakopakwa huo utamu. Nitamrudishia mama yako ufunguo, nirudi kwetu.

Sitii jina langu la utani hapa. Ulinipa wewe.

Mkeo, kama bado linakuhusu


Alhamisi, 14 Machi

Wifi,

Nakuita wifi kwa sababu mumeo huku namwita kaka, upende usipende. Mimi ndiye karani wa stoo. Ndiyo, yule yule mwenye soda.

Barua yako nimeisoma. Usishtuke, sikuiiba. Mumeo aliniletea stoo mwenyewe, akasema macho yake yana ukungu, herufi zinacheza, naomba unisomee ya mke wangu. Nikaisoma kwa sauti, mbele ya mpishi na mafundi wawili waliofuata misumari, nikijua ni maneno matamu ya maharusi. Nilifika kwenye "unakopakwa huo utamu" ndipo nikaelewa kwamba ninajisoma mimi. Mpishi alidondosha mwiko. Mumeo alisimama pale pale, akasema, "Endelea, nimalizie." Nikammalizia. Akaikunja, akashukuru, akapanda kazini.

Ningekuwa sina shughuli ningekuandikia matusi ya ukurasa mzima. Kucha zangu sipaki, nashika grisi kutwa, njoo uzione. Lakini kuna jambo kubwa kuliko heshima yangu.

Ovaroli nilimbadilishia kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa inamdondoka. Nikampa saizi ya chini. Wiki iliyofuata akaja tena, nikampa ya chini zaidi, ile tuliyomwagizia mwanafunzi wa ufundi, nayo inampwaya. Wifi, anakwisha. Anakunywa ndoo ya maji na bado analamba midomo. Kila saa yuko njiani kwenda chooni mpaka wenzake wamemhamishia kitanda cha mlangoni. Nilimwekea soda kwa kumhurumia. Nilimwambia aende hospitali, akanijibu, "Nikishushwa darajani sipandishwi tena. Na mke wangu usimwambie, atasema nimekonda." Mtu wetu wa huduma ya kwanza anampa dawa za malaria.

Jana alishindwa kupanda. Leo hajanyanyuka kabisa. Anahema haraka haraka kama aliyekimbizwa, na mdomoni anatoka harufu hiyo hiyo uliyonisingizia mimi, tamu, kama dawa ya kucha. Nimeinusa kwa pua yangu mwenyewe.

Msimamizi ameondoka na gari dogo. Nimemkoromea dereva wa lori aondoke sasa hivi kabla ya siku yake. Barua yako imejaa harufu mwanzo mpaka mwisho. Kama unajua chochote kuhusu hii, niambie.

Karani wa Stoo


Ijumaa, 15 Machi

Dada yangu,

Sina haki ya kukuita hivyo lakini nakuita. Kunitukana utanitukana baadaye, nitasimama unitukane hadharani, mpishi naye awepo. Sasa fanya ninachokwambia.

Nimesoma barua yako dukani nikiwa nimesimama. Bi Chupa akaniuliza kwa nini nimepauka hivyo. Nikampa fulana ile ya tatu. Nilikuwa nimeificha kwenye droo yangu, dada, niliwaza kuichoma moto na mkono ukakataa. Akaivuta puani, akakaa juu ya kreti la chupa, akasema, "Nani huyu?" Nikasema mume wangu. Akasema, "Mdogo wangu wa kiume alinuka hivi. Tulidhani amelewa. Tukasema tumwache alale."

Sikumwuliza kilichofuata. Niliona usoni.

Hiyo siyo malaria. Bi Chupa anasema ni sukari, imempanda kwenye damu na sasa mwili unajila wenyewe. Harufu inatoka ndani yake. Ni yeye, dada! Wiki zote hizi alikuwa anapiga kelele ndani ya fulana na mimi mwenye pua ya kazi nikasikia mwanamke.

Soda msimpe tena. Hukujua, wala usijilaumu, mwenye lawama nipo. Mpakieni kwenye lori hili hili likigeuza, juu ya magunia, mlalisheni kwa ubavu, mtu amshike kichwa. Mpelekeni hospitali kubwa ya mji ule mnaoupita mkija darajani. Wakianza kuuliza maswali yao, semeni jambo moja mpaka wachoke: apimwe sukari.

Dereva amekataa kunipakia, sheria ya kampuni. Napanda basi. Nitakuwa getini. Hata kama mtafika naye

Nimeshindwa kumaliza sentensi hiyo. Nitakuwa getini.

Mke wake


Jumapili, 17 Machi

Mume wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, na wewe uko upande wa pili wa ukuta huu. Hujawahi kuwa mbali hivi.

Jana lori lilipoingia nilikimbia nikapita nyuma yako. Nakuambia ukweli: nilikupita. Niliona kijana mdogo mwenye ovaroli kubwa amelala juu ya magunia, nikaendelea kukutafuta wewe. Ni karani aliyenishika mkono akanirudisha. Kucha zake zina grisi. Hakunitukana. Alinipa kiatu chako kimoja, kingine kilidondoka njiani, akakaa nami mpaka dereva alipopiga honi mara ya tatu.

Daktari amesema, "Tusubiri." Nimemwuliza tusubiri nini, akasema, "Mwili wake uamue." Mwili upi, Cheche? Umebaki mfupa na ukaidi. Nesi ameniruhusu nikuone kwenye kioo cha mlango. Una mirija miwili. Nikakuita kwa jina lako la kweli, lile la kwenye cheti, hukugeuka. Nikakuita Cheche. Hukugeuka. Nikakuita Tangi, nikalia mpaka wakanitoa.

Nilikwambia usiniandikie. Nakuomba uniandikie. Andika chochote. Andika kwamba hunitaki, andika kwamba unamtaka karani, nitafurahi, nitaupigia makofi mwandiko wako. Andika herufi moja kubwa inayocheza.

Nimekuja na chupa ya Namba Tisa kwenye pochi. Nimeitoa nikampa mama mmoja hapa bandani anayemwuguza bintiye, apunguze harufu ya dawa. Mimi siiamini tena. Ilinionyesha mtu anakufa, nami nikaona mtu anacheka.

Amka. Ukiamka sitakuuliza kitu chochote maisha yangu yote.

Mkeo


Jumatano, 20 Machi

Pua,

Unasema uwongo. Utaniuliza.

Nimeamka jana. Mfanya usafi amenisomea barua yako, nimemwomba akupelekee hii maana saa za kuona wagonjwa bado. Anasema wewe ndiye yule mwanamke anayewapangia foleni watu bandani. Nikamwambia ndiye.

Ile barua niliyosomewa kambini sikuikasirikia. Niliposikia habari ya kucha niliwaza, basi afadhali. Nilikuwa nimeshajua ninakufa, sikujua tu kwa ugonjwa gani. Nikaona ukinichukia utanisahau mapema. Ni upumbavu, lakini niliufikiria juu ya daraja na kule juu ulionekana ni akili.

Sasa nina jambo, na nimeomba kalamu ili nisiliseme mdomoni. Daktari ameniambia hii haiponi. Sindano kila siku, asubuhi na jioni, mpaka nizeeke kama nitazeeka. Kula kwa saa. Kazi za juu hapana, nikizidiwa nitadondoka. Macho yanaweza kurudi vizuri na yanaweza yasirudi. Uliolewa na fundi wa madaraja, Pua. Hukuolewa na mgonjwa. Bado wewe ni bibi harusi, hatujazoeana hata kidogo. Ukitaka kwenda, nenda sasa kabla sijazoea kukuona kwenye kioo. Mama yangu nitamweleza mimi.

Tena nikwambie la aibu. Nesi akija na sindano nafumba macho.

Cheche


Jumatano hiyo hiyo

Wewe mwanamume,

Mfanya usafi amesema nisiandike ndefu, ana sakafu inamsubiri.

Nani amekwambia hatujazoeana? Nimekubebea kiatu. Nimekulilia mbele ya watu nisiowajua. Nimemtukana mwanamke wa watu kwa ajili yako na nimemwomba radhi kwa ajili yako, na anakuja Jumamosi na mpishi, wanaleta mguu wa pili wa kiatu kama dereva ameuona. Tukizoeana zaidi ya hapa tutachokana.

Umeamua ninachokitaka ukiwa juu ya daraja, peke yako, bila kuniuliza. Usirudie. Nilidanganya, ndiyo. Nitakuuliza kila siku: umekula nini, umelalaje, unasikia kiu? Utanijibu kwa sauti, kwa maneno, wala si kwa fulana. Hiyo ndiyo ndoa ninayoitaka, na nimeshaianza.

Nesi amenifundisha tangu asubuhi. Amenipa bomba la sindano, maji, na chungwa. La kwanza nililitoboa likavuja lote mapajani mwangu. La pili nalo. Sasa nimemaliza mfuko mzima, watu wa bandani wananikamulia na kunywa, na mkono wangu umetulia. Nesi amesema dozi ya jioni nitakudunga mimi, yeye asimame pembeni tu.

Kwa hiyo saa kumi wakifungua mlango nikukute umepandisha shati, tumbo liko wazi. Ukitaka kufumba macho, fumba. Ila ukipiga ukelele, naitangazia wodi nzima kwamba mchomelea vyuma anaogopa kitu chembamba kuliko mke wake.

Nakuja,
Pua